Binti Yangu Anakuja Nyumbani na Chupa Yake ya Chai

Nzisa Mulei,
Kibanda cha Maziwa, karibu na kinu cha kusaga,
Soko la Kikima.

Kwa Afisa Mkuu wa Biashara na Leseni,
Makao ya Kaunti.

KUH: OMBI LA KUONDOLEWA KWENYE SHERIA YA MAZIWA KWA SABABU MIMI NDIYE MAMA YA AFISA

Mheshimiwa Afisa Mkuu,

Bwana asifiwe. Nakuandikia nikiwa nimeketi, maana haya mambo mtu hawezi kuyaandika akiwa amesimama.

Wewe hunijui, lakini mtu wangu unamjua. Yule afisa wako wa afya, mrefu, mwenye mwanya, anayeandika herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride, anayeitwa Ndila Mulei, huyo nilimzaa mimi. Nimesikia ulimsifu mbele ya maafisa wengine. Asante sana, lakini sikushangaa. Huyo alianza kusoma akiwa mgongoni mwangu. Nikipita dukani alikuwa anasoma mifuko ya sukari kutoka nyuma ya bega langu, watu wakidhani ni mimi ninayesema. Mimi niliishia darasa la saba, lakini niliishia vizuri. Nilikuwa nambari tatu, na yule wa nambari mbili alikuwa anarudia.

Kwa hivyo usidhani hii ni barua ya mtu anayechukia serikali. Serikali ni binti yangu. Malalamiko yangu ni haya, nayaweka kwa nambari kama yeye anavyoweka yake.

1. Aliniuliza jina.

Siku ya soko, watu wamejaa, Ndila alifika kwa kibanda changu na koti jeupe na ubao wa kuandikia. Nikafurahi, nikapanguza kiti. Hakuketi. Akasema, "Habari ya leo, mwenye kibanda. Jina lako kamili tafadhali." Mheshimiwa, mtu niliyembeba tumboni miezi tisa, na wiki moja ya ziada kwa sababu hata kuzaliwa alikataa kuharakishwa, aliniuliza jina! Nikamwambia, "Unanijua." Akasema, "Ni ya fomu, mama." Nikamtajia jina, akaliandika, halafu akaomba kitambulisho ahakikishe kama sijamdanganya.

Kitonga, ambaye anauza maziwa kibanda cha pili kutoka changu, alicheka mpaka akashika nguzo. Akasema kwa sauti, "Aiya, Mama Afisa! Hata wewe unaandikwa?" Tangu siku hiyo watoto wa shule wakipita wananiita Mwenye Kibanda.

Halafu akanipa notisi. Siku kumi na nne niwe nimepata chombo cha chuma, nimepaka kibanda rangi, nimeweka mahali pa kunawia mikono na nimepata cheti cha afya, la sivyo nifungiwe. Niongeze kwamba kabla yake mlituma afisa mwingine, kijana mwenye adabu sana. Huyo alikunywa vikombe viwili, akasema maziwa kama haya hajawahi kuonja, akaenda akasahau fomu zake zote na kalamu. Hii barua naiandika na hiyo kalamu. Huyo alikuwa anaelewa biashara.

2. Mmekataza kibuyu, na kibuyu si changu.

Sheria yenu inasema maziwa lala, haya yaliyoganda, yasiuzwe kwa kibuyu, kwa sababu brashi haifiki ndani na mtu hawezi kuona kilichobaki. Sawa. Lakini hiki kibuyu kilikuwa cha mama mkwe wangu. Na mama mkwe wangu aliitwa nani? Ndila. Wewe ukiwa mtu wa huku unajua binti wa kwanza huchukua jina la mama ya baba yake, na kwa nyumba anapewa heshima ya huyo nyanya. Mimi tangu nimzae sijawahi kumchapa hata mara moja. Ningemchapaje mama mkwe? Nimemlea nikimwita mama, nikimpa kiti cha karibu na moto.

Kwa hivyo angalia vile mambo yamekaa, Mheshimiwa. Ndila amemkataza mkaza mwana wake kutumia mali ya Ndila. Kama kuna makosa ya kibuyu, aliyeandikiwa notisi hakuwa mwenyewe. Mwenyewe ndiye alikuwa ameshika kalamu.

3. Mimi nimeshakaguliwa.

Mama mkwe wangu, Mungu amlaze pema, alinikagua miaka kumi na saba. Kila asubuhi aliingia jikoni bila kubisha. Alipitisha kidole ndani ya sufuria, akakinusa, akaniangalia. Nilikuwa naosha tena. Akinusa kibuyu aliweza kukuambia kimefukizwa moshi wa kijinga cha mti gani, na kama nilifanya haraka kwa sababu nilitaka kwenda mazoezi ya kwaya.

Alipofariki nilimlilia kwa kweli, lakini nikasema sasa nitapumzika. Sikujua anaenda kurudi na digrii. Huyu wa pili hatumii kidole, ana kijiti chenye pamba. Anakipitisha, anakitia kwa kichupa, ananiangalia. Macho ni yale yale.

Naomba ile miaka kumi na saba ihesabiwe kwa leseni yangu. Hakuna mtu kwa kaunti hii yote aliyekaguliwa kama mimi.

4. Cheti cha afya.

Fomu inauliza kama mwenye kibanda anajua kunawa mikono kwa sabuni. Aliyeniuliza ni mtu ambaye alikuwa anakula udongo wa nyuma ya choo hadi miaka minne. Nani alimfunza kunawa? Nani alimshika mkono pale kwa beseni akilia? Nilimwambia andika "ndiyo, na wewe ni ushahidi." Akaandika "ndiyo" peke yake, akasema hiyo nyingine haina nafasi.

Na kama mnataka kujua maziwa yangu ni salama, kwa nini mpeleke kijiti maabara? Ushahidi mnao hapo ofisini, unafika saa mbili kasoro. Mwangalie urefu. Mwangalie meno. Hajawahi kulazwa. Yote ni ya kibuyu.

5. Hapa nimefika kwenye ombi lenyewe.

Nimefikiria sana nikaona dawa si kuondoa sheria, kwa sababu sheria imeandikwa na watu waliosoma na inapendeza. Dawa ni kuongeza kipengele kidogo kwamba mzazi wa afisa hakaguliwi na afisa aliyemzaa. Mtu hawezi kuwa chini ya mtu aliyetoka kwake.

Lakini mimi si mchoyo, ni mtu wa kanisa, lazima niseme ukweli wote. Ndila sikumsomesha peke yangu. Alipoitwa chuo tulifanya harambee hapa hapa sokoni. Kaveke wa nafaka alileta ndengu. Yakub mwenye bucha alileta sanduku la bati jipya, na kufuli. Wa viatu akatoa viatu, wa mitumba akatoa sweta mbili, wa kusaga akasagia wageni unga bila kuuliza. Pasta alisimama akasema, "Kuanzia leo huyu ni mtoto wa soko." Watu walisema amina. Mimi nilisikia kwa masikio yangu.

Sasa kama ni mtoto wa soko, soko lote ni mzazi. Kwa hivyo kile kipengele kitawafikia wote. Kaveke asikaguliwe. Yakub asikaguliwe, ingawa yeye hana shida, bucha yake inang'aa kuliko madhabahu. Na kwa sababu watu wa soko la Kalamba walituma mbuzi na wa Malili walituma salamu ndefu, naona na hao waangaliwe, angalau nusu.

Atakayebaki ni Kitonga peke yake. Yeye aliahidi jogoo kwa harambee, akasema jogoo ametoroka. Hadi leo hatujamwona huyo jogoo. Kitonga akaguliwe asubuhi na jioni. Najua ana mkebe wa chuma, rangi nyeupe, maji ya bomba na cheti kwa fremu, lakini hakuzaa mtu. Mkifanya hivyo, Ndila kazi yake itakuwa imepungua, atamaliza Kitonga mapema na aje nyumbani kula chakula cha mchana.

6. Hii sikuwa nataka kuiandika.

Jumamosi baada ya notisi Ndila alikuja nyumbani kama kawaida. Nilikuwa nimemwekea kikombe chake, kile cha maua, maziwa ya kibuyu na sukari kidogo vile anapenda tangu chekechea. Akakisogeza pole pole katikati ya meza. Akasema, "Mama, siwezi. Nina faili yako imefunguliwa. Sheria inasema afisa asipokee kitu kwa mfanyabiashara anayemkagua." Nikamwambia hapa si sokoni, hapa ni kwenu. Akasema anajua. Halafu akafungua mkoba akatoa chupa ya chai.

Mheshimiwa, alikuja kwa mamake na chupa yake ya chai. Alikuwa ameitengeneza huko kwake, akaibeba hadi huku, akajimiminia kwa kifuniko, akanywa akiniangalia, na mimi nikimwangalia. Baba yake, Mulei, alitoka nje akajifanya anaangalia ng'ombe. Ng'ombe alikuwa sawa.

Jumamosi iliyofuata alikuja tena na ile chupa. Hajaacha kuja, nisimsingizie. Ameketi, amecheka, amenisaidia kuchambua maharagwe. Lakini kile kikombe kinakaa katikati ya meza hadi anaondoka, na mimi namwaga.

Notisi naiweza. Rangi naiweza. Kufungiwa kibanda pia nitaweza, niliishi kabla ya kibanda. Lakini sheria gani hii ambayo inafika hadi kwa kikombe cha mtoto? Waliokaa wakaiandika hawana mama?

Kwa hivyo naomba moja kati ya haya matatu. Kwanza, kile kipengele cha wazazi. Kama hakiwezekani, basi Ndila apandishwe cheo, awe na mtu wa kumtuma Kikima, na mimi nitampokea huyo mtu vizuri, vikombe viwili. Kama hiyo pia ni ngumu, umwandikie barua yenye muhuri kwamba afisa anaruhusiwa kikombe kimoja cha maziwa kwa mamake siku ya Jumamosi. Hiyo barua iwe na muhuri wa kweli, kwa sababu ataukagua.

Usimwambie kwamba nimeandika. Na kama utamwambia, mwambie mwandiko ulikuwa mzuri.

Mpe salamu karani wako, dereva wako, yule askari wa getini aliyemfungulia Ndila siku ya kwanza kazini akamwita madam, na mama yako popote alipo. Kama yuko hai, mtembelee Jumamosi, na usibebe chai. Wa huku wanakusalimu wote, isipokuwa Kitonga, ambaye sikumwambia.

Ni mimi kwa heshima zote, mama ya afisa wako,

Nzisa Mulei.

Tanbihi: Hii barua imekaa kwa mkoba wangu siku tisa nikingoja mtu wa kuibeba, na mambo yamesonga kidogo. Nilinunua mkebe wa chuma, nikapaka rangi, Mulei akaweka mfereji wa kunawia, nikapimwa, nikapata cheti. Nilifanya hayo yote ili nisiwe wa kwanza kufungiwa nikiwa mama ya mtu. Sasa cheti kiko kwa fremu, kubwa kuliko ya Kitonga. Na wewe huwezi kuamini, walimu wa sekondari walikisoma wakaanza kuchukua maziwa kwangu kila asubuhi, na wenye harusi wawili wameshaagiza. Watu wanapenda muhuri.

Shida ni Kaveke. Ameacha ndengu, amekuja kuketi karibu na mlango wangu na kibuyu, bila rangi, bila mfereji, anauza maziwa lala. Nilipomuuliza cheti kiko wapi alinijibu bila aibu, "Mimi pia ni mama ya afisa. Kwani ndengu yangu umeisahau?" Mheshimiwa, ndengu haizai mtu. Mkianza kusamehe kila aliyeleta kitu kwa harambee, hii nchi itakunywa nini? Kwa hivyo futa nambari ya tano yote. Sheria isiguswe hata nukta, kama kuna mahali pa kukaza, kaza. Na usimpandishe Ndila cheo sasa hivi. Mtume huku kesho mapema, siku ya soko, watu wakiwa wamejaa, na Kaveke aulizwe jina.

Nambari ya sita pia achana nayo. Jumamosi hii Ndila alikuja bila chupa. Alisema faili yangu imefungwa, na kibuyu kikiwa nyumbani hakiuzii mtu, hakimhusu. Alikunywa kikombe cha maua hadi chini, akaongeza. Halafu akakivuta kibuyu karibu, akaingiza kidole kwa mdomo wa kibuyu, akakinusa, akaniangalia.

Nimekifukiza tena.