Hamsini Nukta Saba

Jumatatu, 1 Juni 1981

Bahati imebisha hodi. Ndugu Nkwabi, mkuu wetu wa elimu ya watu wazima hapa Mwanza, ameniita mimi na mwenzangu wa meza ya takwimu, Paskazia Kashindye. Ipo nafasi ya masomo ng'ambo, miezi sita. Nafasi moja. Atakayetoa ripoti bora kufikia Jumatatu ijayo anakwenda. Atakayebaki anahamia ghala la vitabu Mkuyuni, ambako mtunzaji amestaafu. Paskazia aliandika yote hayo kwenye daftari. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaza koti.

Kazi yenyewe: walimu tisa wa madarasa ya kisomo wamejaribu kitabu kipya, kile kinachofundisha kusoma kwa habari za kilimo cha pamba. Kila mmoja amelinganisha darasa lenye kitabu na darasa lisilo nacho. Ripoti tisa. Je, kitabu kinasaidia, na kwa kiasi gani?

Wakati wa kurudi nimepita kwa fundi cherehani, nikaagiza koti zito la baridi. Fundi akaniuliza kama nina malaria.

Jumanne, 2 Juni

Tatizo. Mwalimu mmoja ametahini kwa alama ishirini, mwingine kwa mia, wa tatu amehesabu maneno kwa dakika. Huwezi kuzijumlisha hivi hivi.

Dawa alitupa mhadhiri aliyetutembelea mwezi uliopita. Chukua wastani wa darasa lenye kitabu, toa wastani wa darasa lisilo nacho, kisha gawanya kwa mtawanyiko, yaani jinsi alama za watu wa darasa moja zinavyoachana. Unapata namba inayoitwa ukubwa wa athari. Sifuri nukta mbili, au nukta mbili kwa kifupi, ni athari ndogo, nukta tano ya kati, nukta nane kubwa. Hapo namba zote tisa zinaweza kukaa meza moja. Paskazia anasema mhadhiri alisisitiza pia kwamba darasa kubwa lipewe uzito zaidi, na kwamba ripoti zisizopendeza zisiachwe nje. Sikumbuki. Nadhani wakati huo nilikuwa nimetoka kununua karanga.

Nimekokotoa nne. Nukta mbili, nukta tatu, nukta nne, nukta nne. Namba za kimaskini. Hakuna anayepandishwa ndege kwa nukta nne.

Jumatano, 3 Juni

Leo imekuwa mbaya zaidi. Ripoti mbili zinaonyesha kitabu hakikusaidia chochote. Nyingine mbili zinaonyesha wenye kitabu walifanya vibaya kidogo kuliko wasio nacho. Walimu gani hawa?

Nimewaza kwa makini nikaona ripoti hizo nne zimechoka. Nimezilaza kwenye droo yangu ya chini, chini ya nusu kilo yangu ya sukari, nikafunga kwa ufunguo. Sukari hiyo niliipata kwa foleni ya saa tatu, kwa hiyo droo ile ndiyo mahali salama kuliko pote ofisini.

Paskazia aliuliza kama nimeziona ripoti zote tisa. Nikamjibu kwamba barua za walimu siku hizi zinachelewa sana.

Alhamisi, 4 Juni

Nimeokoka! Ripoti ya mwisho, ya kijiji cha Mwabuhele, upande wa Sengerema. Wanakisomo ishirini. Wastani wao sitini na tatu; darasa la jirani lisilo na kitabu, hamsini na mbili. Mpaka hapo ni jambo la kawaida. Lakini tazama alama zenyewe: watu kumi na tisa wamepata sitini na tatu kila mmoja, na mmoja amepata sitini na nne. Basi. Hawaachani hata kidogo. Nidhamu ya ajabu.

Paskazia alinikumbusha kwamba mhadhiri alisema tugawanye kwa mtawanyiko wa darasa lisilo na kitabu. Nikajaribu, nikapata nukta tano. Nikajaribu kugawanya kwa mtawanyiko wa Mwabuhele wenyewe, ambao ni kama nukta mbili tu, nikapata hamsini nukta saba.

Hamsini nukta saba! Mhadhiri mwenyewe alisema nukta nane ni kubwa. Nimeitazama robo saa nzima. Kisha nimejumlisha na zile nne, nikagawa kwa tano. Wastani wa mkoa: kumi nukta nne. Nimeichora kwa wino mwekundu.

Ijumaa, 5 Juni

Sikuweza kusubiri Jumatatu. Nimempelekea Ndugu Nkwabi ripoti yangu leo asubuhi. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaniambia hajawahi kuona namba kama ile. Nikamshukuru. Akasema ni lazima akaione Mwabuhele kwa macho yake, Jumatatu, na sote twende. Nikamshauri kwamba barabara ni mbovu. Akasema yeye amezaliwa Sengerema.

Nimechukua koti kwa fundi. Limenipwaya mabegani lakini ni zito sawasawa.

Jumatatu, 8 Juni

Tumevuka kwa kivuko cha asubuhi. Paskazia alibeba daftari. Mimi nilivaa koti, nilizoee. Abiria mmoja alinipisha kiti, akiamini mimi ni mgonjwa.

Mwabuhele walitupokea vizuri mno. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Maige, mwanakisomo mwenyewe, alieleza bila kuulizwa. Mtihani ulipokwisha, mwalimu alisoma alama, na watu hawakufurahi. Mama Suzana, mwenye umri mkubwa kuliko wote darasani, alipata tisini na moja. Wengine walipata arobaini. Wengine chini ya hapo. Kamati ikaketi. Ikaonekana kwamba kijiji kinacholima pamoja na kugawana mahindi ya shamba la pamoja sawasawa hakiwezi kuachana hivyo kwenye alama. Zikakusanywa zote, elfu moja mia mbili sitini na moja, zikagawanywa kwa watu ishirini. Kila mtu sitini na tatu, ikabaki moja. Hiyo moja akapewa Mama Suzana kwa heshima.

Ndugu Nkwabi aliuliza kwa upole mwenyekiti mwenyewe alikuwa amepata ngapi kabla ya mgawo. Ndugu Maige akasema hilo ni jambo la zamani. Mama Suzana akasema, "Thelathini na moja." Nilimwamkia shikamoo mara ya pili ili abadilishe habari, akaitikia marahaba na kurudia: thelathini na moja.

Tukapanda kivuko kurudi. Niliona joto sana ndani ya lile koti, na aibu kidogo, lakini hasa joto.

Jumanne, 9 Juni

Sisimizi wameniuza. Paskazia amefika mapema akakuta mstari wao unatoka dirishani, unapita chini ya meza yake, unaingia kwenye droo yangu. Mwenye ufunguo wa akiba ni Ndugu Nkwabi. Alifungua akidhani kuna panya amekufa. Akakuta sukari, na chini ya sukari ripoti nne.

Nilieleza kwamba zilikuwa zinakauka.

Paskazia amekokotoa upya mbele yetu, ripoti zote tisa, madarasa makubwa yakipewa uzito wao. Jibu: nukta mbili. Kitabu kinasaidia kidogo, lakini kinasaidia kweli, na sasa tunajua hivyo. Ndugu Nkwabi alifurahi kana kwamba amepewa ng'ombe. Kwa nukta mbili! Paskazia akaongeza kwamba wastani wa Mwabuhele ulikuwa sahihi, maana kugawana alama sawasawa hakubadilishi wastani. Kilichopotea ni mtawanyiko tu. Nikadakia kwamba basi nilikuwa sahihi kwa nusu.

Ng'ambo anakwenda Paskazia. Nimeumia, siwezi kuficha. Mama yangu kule Kamachumu ameshaliambia kanisa zima.

Alhamisi, 11 Juni

Paskazia amekuja kuniaga. Akaniomba nimuuzie koti. Nilikataa kwa hasira, kisha nikampa bure, kisha nikajuta. Ameniachia mashine yake ya kukokotoa, akasema huenda itanifaa ghalani kuhesabia vitabu. Ni mtu mzuri. Inakera.

Jumatatu, 15 Juni

Ghala la Mkuyuni. Vitabu elfu nne, mchwa wasio na idadi, mtunzaji mmoja. Nilikaa juu ya marobota nikihuzunika hadi saa nne, ndipo wazo likaja.

Nitapima athari ya mtunzaji mpya! Mtunzaji wa zamani alipanga vitabu mia kwa siku. Nimeandika hivyo kwa kukisia. Mimi leo nimepanga mia moja na ishirini. Tofauti ni ishirini. Gawanya kwa mtawanyiko wa watunzaji wa sasa. Lakini mtunzaji wa sasa ni mimi peke yangu, na siachani na mtu. Mtawanyiko ni sifuri.

Nimebonyeza ishirini gawanya kwa sifuri. Mashine ya Paskazia imegoma kabisa. Namba ni kubwa mno, haitoshi kwenye kioo chake.

Kesho nampelekea Ndugu Nkwabi. Nimeshapita kwa fundi kuagiza koti jingine.