Daftari Kwenye Rafu ya Saruji

Jumatatu, 3 Agosti
Siku ya sita ya kazi yangu ya likizo maktabani. Msimamizi wa kaunta, tunayemwita Muhuri kwa jinsi anavyougonga kama anaua mende, ameniita Kobe mbele ya wasomaji. Akauliza kama shuleni kwetu somo la kwanza ni usingizi. Mimi? Nimemshukuru! Nikamwambia Mama kuwa ni mafunzo ya kazi. Akauliza ni mafunzo gani yanayomnyima mtu hamu ya kula.

Jumanne, 4 Agosti
Nimesoma kitabu kuhusu uonevu kazini. Dalili: kudhihakiwa hadharani, kubebeshwa makosa ya wengine, kufichwa maagizo. Ninazo zote! Kitabu kinashauri nimwambie mkuu. Mkutubi mkuu ana mlango mzito na miwani mizito zaidi. Sithubutu. Nikiacha kazi, shangazi aliyenitafutia nafasi ataaibika. Kitabu kinasema pia: andika kila tukio. Hilo naliweza.

Jumatano, 5 Agosti
Matukio tisa kabla ya saa sita. Lakini Muhuri hupekua begi langu. Daftari nilifiche wapi? Akili ni nywele! Nimelibandika lebo, namba na mfuko wa kadi, nikalipanga kwenye rafu ya vitabu vya saruji. Jina: Nyufa na Jinsi ya Kuzitambua. Rafu ile ina vumbi la miaka miwili. Nimejipongeza.

Alhamisi, 6 Agosti
Limeazimwa! Na mwashi mstaafu! Muhuri mwenyewe amelipiga muhuri bila kulifungua, huku akinifokea kwamba nimeziba njia kama kabati. Nimeenda stoo kulia kidogo.

Ijumaa, 7 Agosti
Mwashi amelirudisha. Kwa mkutubi mkuu, moja kwa moja! Alisema alitafuta nyufa za ukuta, akakuta za mtoto wa watu. Nikaitwa. Mkuu akauliza kama ni kweli, nikaitikia kwa kichwa. Akasema wawili waliacha kazi kabla yangu na hakuna aliyetaja sababu. Muhuri ameondolewa kaunta hadi uchunguzi uishe. Loo, pumzi! Nimekula sahani mbili. Mkuu amenisihi siku nyingine nimwambie kwa mdomo. Nimeahidi.

Jumatatu, 10 Agosti
Msimamizi mpya ni mpole, ananiita mwanangu. Ila anapiga mluzi tangu asubuhi, wimbo uleule! Angeambiwa tu angeacha. Mkuu amepita mara mbili kuuliza kama kuna lolote. Nikasema hakuna.
Daftari la pili liko tayari, na lebo yake. Rafu ya ufugaji wa nyuki. Huko nani atafika?