Mafuta Yanasubiri Sera

Jumatatu, 1 Julai

Nimefika Ihanja salama. Shangazi Raheli amenipa chumba cha mbele, chenye dirisha la kutazama barabara kuu. Akauliza masomo yanaisha lini. Nikasema mwaka huu. Akanikumbusha kwamba hata mwaka juzi nilimwambia mwaka huu. Nikaomba maji ya kuoga.

Hali yenyewe ni hii. Chuo kimeniongezea muda kwa mara ya mwisho. Dk. Calist, msimamizi wangu, amesema bila kupepesa macho kwamba tasnifu ikichelewa tena nirudishe kitambulisho nitafute shughuli nyingine. Mama ameshashona nguo ya mahafali yangu. Ameshona mara mbili, maana ile ya kwanza sasa inambana. Nikimkumbuka na ile nguo roho inaniuma.

Mada: Ubunifu, Utawala Bora na Uwajibikaji kwa Jamii katika Viwanda Vidogo vya Alizeti. Nadharia yangu ni nyepesi na nzuri: kampuni isiyo na bodi haiwezi kuijali jamii. Hitimisho nililiandika Dodoma, kuokoa muda. Kimebaki ushahidi tu. Kesho naanza kwa Mzee Zefania, mwenye mashine ya kukamua.

Jumanne, 2 Julai

Kiwanda ni banda la bati, mashine moja na uwanja. Nikamwamkia Mzee, akaitikia, akanipa kigoda. Nikauliza kama kiwanda kina bodi. Akasema yupo yeye na mashine. Nikauliza kama kuna sera ya uwajibikaji kwa jamii. Akafikiri sana. Akaniomba radhi, akasema hajawahi kuwa nayo, labda kwa kutojua. Hana picha ya kukabidhi madawati. Hana hata bango! Nilitamani kumkumbatia.

Saa sita mashine ikazimwa. Pale mlangoni kuna sufuria kubwa sana, sijui ya nini. Wakulima wanaosubiri zamu wakatoa mlenda mkavu kwenye vifuko vyao. Mzee akatoa unga na mafuta yaliyotoka kwenye mashine muda ule ule, bado ya moto. Wakala wote: wenye alizeti, wasio na alizeti, fundi baiskeli wa jirani, mimi. Ugali wa uwele. Niliongezewa bila kuomba.

Uwajibikaji kwa jamii: sijauona. Siku nzuri.

Jumatano, 3 Julai

Hapa wanaopanga foleni ni magunia. Mtu analeta gunia lake, analisimamisha nyuma ya mengine, anarudi shambani. Zamu zikisogea, yeyote aliye karibu anayasogeza yote. Nikauliza nani analinda. Hawakuelewa swali. Nikalirudia kwa lugha nyepesi, wakasikitika, wakaniuliza kama kule ninakoishi kuna wezi wengi.

Kisha nikagundua rushwa. Gunia lenye kiraka chekundu lilikuwa mkiani asubuhi. Kabla ya chai lilikuwa katikati. Nilijificha nyuma ya rundo la mashudu, yale makapi ya alizeti wanayolishwa ng'ombe, nikaangalia kwa makini. Wenye magunia wenyewe walikuwa wanalipitisha mbele, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyelalamika. Mwenye gunia anaitwa Amne, anatoka mbali, ana mtoto mchanga mgongoni. Nikamfuata nikamuuliza amempa nani nini. Akasema hajampa mtu chochote.

Nimeandika: upendeleo wa wazi katika utoaji wa huduma. Shangazi alinitoa mashudu kwenye nywele hadi jua likazama. Mchana nilikula pale pale kiwandani. Leo mlenda ulikuwa na karanga.

Ijumaa, 5 Julai

Balaa limeingia. Bansari amekuja.

Tunasoma darasa moja, msimamizi mmoja, mada zinakaribiana. Ni mjukuu wa Mzee Chhotalal, mwenye duka la vifaa mjini Singida. Alishuka kwenye bodaboda, akamwamkia shangazi kwa heshima zote, kisha wakahamia Kinyaturu, alichokipata kwa wateja wa dukani kwao tangu mdogo. Mimi ni Mnyaturu kwa baba na kwa mama, lakini nimekulia Dodoma. Nilikaa nikicheka walipocheka. Shangazi akamletea kiti chenye mto. Kiti hicho sijawahi kukikalia.

Akaniuliza nimepata nini mpaka sasa. Nikasema ni mapema mno kuzungumza. Akauliza ile sufuria aliyoiona mlangoni pa kiwanda akipita ni ya nini. Nikamwambia ni ya kupikia. Akaniangalia, akaandika kitu. Anapoteza muda kwa mambo madogo, na sijui kwa nini jambo hilo linaninyima raha.

Nikiwa naoga wazo likaja. Niwape bodi! Nitapima uwajibikaji kabla ya bodi na baada ya bodi. Bansari anatazama tu. Mimi nitakuwa na jaribio.

Jumamosi, 6 Julai

Nilimweleza Mzee Zefania faida za bodi kwa muda mrefu. Alisikiliza huku akisafisha chujio. Nilipomaliza akauliza kama bodi hiyo itanisaidia kumaliza shule. Nikasema sana. Akasema basi iwekwe, mtoto wa watu asihangaike.

Sikuona sababu ya kuliandika jibu hilo kwenye hojaji, halina sehemu yake. Nimetuma ujumbe mjini nichongewe mhuri.

Jumapili, 7 Julai

Uchaguzi umefanyika baada ya ibada, uwanjani kwa Mzee. Mwenyekiti ni Benson, mfugaji mwenye ng'ombe wengi na sauti kubwa. Katibu ni mimi, kwa muda. Wajumbe wengine ni rafiki zake Benson, maana ndio waliobaki baada ya watu kwenda kula. Nilimwomba shangazi agombee awakilishe akina mama. Akauliza bodi inafanya nini. Nikasema inasimamia. Akasema yeye ana kazi.

Bansari alikaa pembeni na Amne, amempakata yule mtoto. Alionekana kufurahi sana. Nadhani anajikaza tu.

Jumanne, 9 Julai

Kikao cha kwanza cha bodi. Nina mhuri mpya na wino wa bluu. Mambo yalikwenda kisomi kabisa.

Azimio la kwanza: chakula pale mlangoni kisimame mpaka itungwe sera ya chakula. Nilikuwa nimeeleza kwamba matumizi yasiyo na sera ni udhaifu wa utawala, wakaelewa haraka kuliko nilivyotarajia. La pili: hakuna gunia kukaa kwenye foleni bila mwenyewe kuwepo, na hakuna kupitishana. La tatu: mashudu yote, ambayo zamani kila mtu alijichotea ya mbuzi wake, yahifadhiwe mahali salama. Mwenyekiti akajitolea yawekwe kwenye zizi lake.

Ajenda ya uwajibikaji kwa jamii iliahirishwa kwa kukosa muda. Mzee Zefania alipoulizwa kama anaafiki alinitazama mimi, kisha akasema sawa.

Jumatano, 10 Julai

Njaa. Nilikaa kiwandani tangu asubuhi nikihesabia mchana utafika, ukafika, sufuria imefunikwa. Nikanunua andazi la juzi.

Jioni shangazi akaniandalia ugali na mlenda mkavu, hauna hata tone. Nikauliza mbona hauna mafuta. Akasema mafuta yanasubiri sera. Nikacheka. Yeye hakucheka. Alisema ametoka kiwandani, ameacha gunia lake akaenda kumwona mgonjwa, akarudi akakuta wajumbe wamelitoa nje ya uwanja kwa sababu halikuwa na mtu. Tangu aolewe Ihanja halijamkuta jambo kama hilo. Akaingia chumbani mapema. Nimeandika: jamii inahitaji elimu zaidi kuhusu utawala bora.

Ijumaa, 12 Julai

Magunia yamehama.

Niliamka nikachungulia dirishani, nikayaona yamejipanga ng'ambo ya barabara, kwenye mashine nyingine ya kukamua, ya mtu mwingine. Foleni ndefu, hadi karibu na daraja. Lile la kiraka chekundu liko mbele kabisa. La shangazi linalifuata. Upande wetu uwanja mtupu, kuku wanapekua. Nikavuka kuwauliza watu sababu, nikiwa na hojaji mkononi. Walinijibu salamu tu. Wa kwanza hadi wa mwisho, salamu tu.

Nilimkuta Mzee Zefania ameketi kwenye kigoda kile alichonipa siku ya kwanza. Mashine kimya, katikati ya msimu. Akasema mkanda wa mashine usipozunguka unakakamaa. Alisema kwa upole, kama anayeniomba radhi. Nilijisikia vibaya kweli. Nilishindwa hata kufungua kalamu, na hilo halijawahi kunitokea.

Baadaye nikakumbuka kwamba vitabu vinakiita hiki kipindi cha mpito. Nikapata nafuu.

Jumamosi, 13 Julai

Shangazi Raheli aliondoka nyumbani na kuni kichwani. Nikamfuata kwa udadisi. Akaingia kwa Mzee Zefania, akafunua sufuria, akawasha moto. Amne akaja na maji. Akina mama wengine wakaja na mlenda. Bansari akaja na unga alioununua mwenyewe, hakuna aliyemtuma. Nikawaambia kwa adabu kwamba azimio la kwanza bado halijatenguliwa. Shangazi akanipa mwiko nikoroge. Nikakoroga.

Harufu ilivuka barabara. Saa sita watu walikuja kula, kisha wakavuka tena barabara, wakarudi kila mtu na gunia lake. Walisogeza pia magunia ya wasiokuwepo. Benson alikuja akiwa amekasirika, akadai kikao cha dharura. Akapewa sahani. Alipomaliza kula, Mzee Zefania akamwomba arudishe mashudu, na akarudisha kwa mkokoteni wake mwenyewe.

Kisha Mzee akanivuta pembeni. Akauliza kama bodi inaweza kupumzika kidogo, au kama nitafeli ikipumzika. Hilo la mwisho aliliuliza kwa wasiwasi wa kweli. Nikamwambia bodi imeahirishwa hadi itakapotangazwa tena. Akashukuru, akaenda kuwasha mashine.

Jumatatu, 15 Julai

Bansari aliniomba ridhaa rasmi. Amebadilisha mada. Ataandika kuhusu kiwanda kilichokuwa kinalisha watu, kikaacha siku ambayo mtafiti alikuja kuangalia kama kinajali watu. Alinieleza wazi, hakuficha kitu. Nikauliza kama jina langu litatokea. Akasema hapana, kanuni zinakataza, nitaitwa Mtafiti A.

Nikafikiri. A ni herufi ya kwanza. Nikaomba iwe Mtaalamu A. Akasema ataliangalia. Nikasaini, nikapiga na mhuri.

Jumanne, 16 Julai

Nimeaga Ihanja. Mzee Zefania alinipa dumu la mafuta nimpelekee mama, na salamu kwamba mtoto wake ni mchapakazi. Amne alinipa karanga za njiani. Watu wazuri sana hawa. Inasikitisha kwamba kiwanda chao hakina uwajibikaji. Hayo mafuta sijayaingiza kwenye takwimu, ni zawadi binafsi.

Ijumaa, 26 Julai

Dk. Calist amepiga simu. Amesoma kazi tulizomtumia. Rasimu ya Bansari ameipitisha, aende akamalizie. Kwa yangu alianza na maswali.

Akauliza siku zote zile Ihanja mchana nilikuwa nakula wapi. Nikasema kiwandani. Akauliza kwa gharama ya nani. Nikasema hakuna aliyenidai. Akauliza wengine waliokula walikuwa akina nani. Nikasema watu tu, wa pale, yeyote. Akauliza kama kwenye kurasa zote hizi nimekiandika chakula hicho popote. Nikasema hapana, mheshimiwa, kwa sababu nilikuwa natafuta uwajibikaji kwa jamii. Akaniomba nirudie jibu hilo. Nadhani mtandao ulisumbua.

Mwishowe akasema nina hadi Desemba, na baada ya Desemba asisikie jina langu. Mahafali ya mwaka huu basi. Nilimwambia mama. Hakunigombeza. Aliikunja ile nguo, akaifunika na shuka isiingie vumbi, akaenda kukaanga samaki kwa mafuta ya Mzee Zefania. Nilitoka nje nikakaa ukutani, machozi yakanilenga. Nikajiuliza kwa uaminifu kabisa kosa langu liko wapi.

Nikaliona. Bodi ilikuwa ndogo mno.

Jumatatu, 29 Julai

Nimefika Kinampanda, kijiji kingine. Hali ya hewa nzuri. Nimepata kikundi cha wafuga nyuki kinachofaa kabisa. Nilipofika tu walinikalisha, wakanipa bakuli la asali na sega lake. Nikauliza kama huwa wanawapa wageni wote. Wakasema wageni, wazazi waliojifungua na wenye kikohozi, ndivyo walivyokuta. Nikala yote, nikalamba na vidole.

Kisha nikafungua hojaji, nikawauliza kama wanafanya chochote kwa ajili ya jamii. Wakatazamana. Wakasema hapana, hawajawahi.

Bodi pia hawana. Mhuri ninao, nimelikwangua neno Ihanja kwa wembe. Kesho asubuhi nawaitishia mkutano.