Gauni Liko Tayari, Viza Ndiyo Haijatoka

Kwa Mkuu wa Dawati la Viza za Watalii kwa Njia ya Mtandao,

YAH: MALALAMIKO YA FUNDI CHEREHANI DHIDI YA KOMPYUTA YENU

Mheshimiwa Mkuu,

Shikamoo. Umri wako siujui, lakini mtu mwenye uwezo wa kumzuia baba asifike kwenye harusi ya mwanawe anastahili shikamoo hata kama nimemzidi miaka. Natumaini u mzima, watoto hawajambo, na suruali zako zinakukaa vizuri kiunoni.

Mimi ni fundi cherehani. Nina meza ya kukatia, cherehani mbili, pasi moja, na wateja wanaoniita Fundi Ijumaa. Jina hilo sikulichagua na silipendi, ila ukiniulizia mtaani kwa jina lingine hutanipata. Nina binti mmoja tu, anaishi huko kwenu, na huko huko ndiko anakoolewa. Gauni la dukani amelikataa katakata. Amesema atavaa lililoshonwa na baba yake, la sivyo ataingia ukumbini na nguo ya kulalia. Ni mbishi, na ubishi huo ni wa mama yake, Mungu amrehemu.

Sasa Mheshimiwa, gauni la harusi halipimwi kwa simu. Lazima mshonaji amwone bibi harusi amesimama, amwambie ageuke, abane hapa, aachie pale. Ndiyo maana nimeomba viza ya utalii: nije, nimvalishe mwanangu, nimtazame akitoka mlangoni, nirudi zangu. Gauni lenyewe liko tayari, limebaki vifungo tu. Wanaokwamisha ni nyie. Na kwa vile dada wa kompyuta, jirani yangu anayenijazia fomu dukani kwake, amechoka kuniona, nimeonelea niandike kwa mkono wangu, kwa adabu, na kwa namba ili usipotee njiani.

1. Picha. Kompyuta yenu iliikataa picha yangu ikisema nina kitu kisichoruhusiwa shingoni. Tukaikagua, hatukuona kitu. Tukapiga nyingine, ikakataliwa. Tukapiga mbele ya ukuta mweupe, nimeoga, nimenyoa, nimevaa shati la kuendea misibani, bado shingo yangu ni haramu. Dada wa kompyuta akaanza kunitazama kama mtu mwenye ugonjwa. Mwishowe mteja wake mmoja aliyekuja kutoa nakala ndiye aliyetuonyesha: ni futi yangu ya kupimia. Jamani! Mimi futi huwa siioni. Nimeivaa tangu ujana, hata nikienda kuoga huwa naitundika mlangoni na kuirudisha kabla sijavaa shati, na jirani naye hakuiona kwa sababu hajawahi kuniona bila hiyo. Nikaivua, picha ikapita. Lakini yule mzee mwenye shingo tupu aliyepo kwenye picha mimi simfahamu, na nikifika kwenu na futi yangu najua afisa atasema si mimi.

2. Mashaka juu ya utu wangu. Nilitakiwa nithibitishe kuwa mimi si roboti kwa kuchagua vipande vyote vyenye taa ya barabarani. Nilichagua. Kipande kimoja kilikuwa na ukingo tu wa taa, uzi mmoja hivi, nikakichagua pia, maana kwa fundi pindo nalo ni nguo. Kompyuta ikasema nimekosea. Nikarudia, ikaleta madaraja. Nikarudia, ikaleta pikipiki. Mheshimiwa, kwa heshima kubwa, roboti ni nani kati yetu? Mimi nina shahidi wa kuzaliwa kwangu, shangazi yangu, yu hai na anasikia vizuri. Hiyo kompyuta imlete shangazi yake.

3. Neno la siri. Mlitaka liwe refu, lenye herufi kubwa, tarakimu na alama, na lisiwe jina la mtu. Nikalitunga, dada wa kompyuta akaniambia niliandike mahali salama. Mahali salama kwangu ni bitana. Nililiandika kwa chaki ndani ya koti la mwalimu mkuu, koti ambalo lilikuwa limekaa kwangu muda mrefu kiasi kwamba nililihesabu kama kabati. Wallahi, kesho yake mwalimu mkuu akaja na hasira zake, akalichukua koti vilevile lilivyo, mkono mmoja bado, akaondoka nalo! Nimemfuata shuleni. Nimemwomba anifungulie koti mbele ya walimu wenzake nimsome kifuani. Amekataa, na ofisi nzima ya walimu sasa inanisalimia kwa mbali. Huu ni uhusiano wa miaka mingi, na mmeuharibu nyie.

4. Swali la ugaidi. Hili limeniuma kuliko yote. Nilisomewa swali kama nimewahi kushiriki vitendo vya kigaidi. Dada wa kompyuta akabonyeza hapana. Chini yake kulikuwa na kisanduku cha maelezo, kitupu. Nikaona si ustaarabu mtu kukuuliza kitu, ukamwambia hapana, ukanyamaza. Mimi nikiulizwa kama nimefanya jambo na sijalifanya, huwa namweleza mteja sababu, aondoke na moyo mweupe. Kwa hiyo alipotoka kupokea simu, nikajaza mwenyewe: "Bado sijapata nafasi. Kazi zimekuwa nyingi, na umeme unakatika. Naomba uvumilivu wenu."

Mkanijibu haraka kuliko barua nyingine yoyote. Mkataka maelezo ya ziada. Mimi nikayatoa, nikieleza kwamba nikimaliza sare za walinzi nitakuwa na nafasi zaidi. Dada wa kompyuta aliposoma nilichotuma alikaa chini sakafuni. Tumeandika barua ya kukanusha, ameitunga yeye, na tangu siku hiyo haruhusu mkono wangu kukaribia kibodi.

5. Tarehe ya kurudi. Niliandika Ijumaa. Kompyuta ikataka tarehe. Nikasema Ijumaa inatosha, wateja wangu wote wanaielewa. Ikasisitiza. Kisha mkataka ushahidi kwamba nitarudi kweli nyumbani, na hapo nikacheka mpaka nikashika cherehani. Mheshimiwa, hakuna mtu duniani anayesubiriwa kama mimi! Niliwatumia picha ya rundo lililopo nyuma ya mlango: suruali ya kinyozi, sketi za muuguzi wa zahanati, mapazia ya mama mwenye nyumba, sare za walinzi. Kila nguo ina mwenyewe na kila mwenyewe ananidai. Nisiporudi, watu hawa watakuja huko kwenu kunifuata, na itabidi muwape viza wote.

Lakini kwa kuwa mlichelewa kuupokea ushahidi huo, habari za safari zikavuja. Wateja wakasikia fundi anasafiri, wakavamia. Kinyozi kachukua suruali yake haina zipu. Mama mwenye nyumba kachukua mapazia na kuniachia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwa kiongozi kama wewe. Rundo limekwisha. Sasa nyuma ya mlango kuna mlango tu, na ushahidi wangu wote unatembea mtaani bila vifungo. Naomba mniandikie barua niwaonyeshe wateja, warudishe nguo zao ambazo hazijakamilika, ili niwe tena mtu wa kuaminika.

6. Maneno yenu. Kila nikiuliza, naambiwa ombi langu linashughulikiwa. Nikiuliza tena, liko hatua ya mwisho. Nikikaza uzi, naombwa niwe na subira na niangalie tena baadaye. Mheshimiwa, mimi si mtoto. Hayo ni maneno ya kazi yangu! Nimeyatumia maisha yangu yote kwenye meza hii. Mteja akija, namwambia yake ndiyo niliyoishika. Akirudi, namwambia imebaki vifungo tu, kama tunavyosema mafundi wote nguo ikiwa bado ni kitambaa ndani ya mfuko. Kwa hiyo mnaponiambia hatua ya mwisho, najua kabisa fomu yangu iko wapi: chini ya nyingine, na juu yake kuna kikombe cha chai cha mtu.

(La binti yangu limebaki vifungo kweli. Nisieleweke vibaya.)

Kwa sababu hizo zote naomba mojawapo ya haya. Kwanza, viza. Viza ikishindikana, basi mteue afisa mmoja mwenye mkono mwepesi aende kwa binti yangu na pini mdomoni, nimwelekeze kwa simu abane wapi. Asivute sigara karibu na kitambaa. Na hilo likishindikana, basi kwa kuwa dawati lako linatumia lugha ya mafundi na kutunza ahadi kama mafundi, naomba liwekwe rasmi chini ya umoja wetu wa mafundi cherehani, mlipe kiingilio, na kila afisa apewe cherehani yake. Mtakuja kuketi hapa kibarazani mbele ya watu mnaowadanganya, mwangaliane nao machoni, muone kazi ilivyo ngumu.

Harusi imekaribia. Binti yangu anapiga simu kila siku, na kila siku namwambia ni viza, mwanangu, ni viza tu, watu wa viza hawana huruma. Sauti yake inapungua. Mama yake hayupo, Mheshimiwa, na akitoka kwenye chumba cha kuvalia asimwone hata baba, nani atamwambia amependeza?

Nisalimie wote hapo dawatini, wanaobonyeza na wanaosubiri chai. Msalimie mkeo, au mumeo, na wakwe, na fundi wako wa nguo, na umwambie ninamwelewa. Kompyuta pia nisalimie, sina kinyongo nayo.

Wako katika kusubiri, bila futi shingoni,

Fundi Ijumaa

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, dada wa kompyuta amevuka barabara anakimbia, viatu mkononi. Viza imetoka. Safi kabisa, na jina langu halina kosa hata moja. Amenikumbatia, akalia. Mimi nikamwomba maji ya kunywa.

Mheshimiwa, naomba kwa heshima zote muichukue kidogo. Muikalie, muweke kikombe juu yake kama mwanzo. Yote niliyoandika hapo juu nayafuta. Mlikuwa mnafanya kazi nzuri sana.

Gauni halijakatwa. Kitambaa kipo kwenye sanduku, alikinunua marehemu mke wangu wakati mtoto yuko bado sekondari, hata mchumba hana. Nimekitandaza mezani mara nyingi. Nachora kwa chaki, nafuta, nachora, nafuta. Mwenzio naogopa. Nikishakikata, basi, mwanangu ameolewa na mama yake amekufa, na hakuna fundi wa kukishona tena kirudi kama kilivyokuwa. Nilikuwa nawategemea nyie mnicheleweshe.

Nilitaka kuwaomba mmwandikie mwanangu kwamba viza imebaki muhuri tu. Lakini nilisahau nazungumza habari za nani. Huyu mtoto kakulia chini ya meza hii, yeye ndiye aliyekuwa akitumwa mlangoni kuwaambia wateja baba katoka. Ujumbe wake umeingia sasa hivi. Anasema anajua sijakata, anajua tangu siku niliyomwambia limebaki vifungo. Anasema hata mama alijua nitaogopa kukikata, na ndiyo maana alikinunua mapema vile: alitaka kunipa muda. Anasema nije na kitambaa na mkasi wangu, nikate mbele yake, atanishikia upande wa pili.

Nauliza tu, Mheshimiwa: mkasi unaruhusiwa kwenye ndege? Ulizeni, mnijibu kabla ya Ijumaa. Ile ya kweli.