Kaa Nyuma, Subiri Kona

Jumatatu, 3 Agosti

Tangazo limebandikwa mlangoni mwa ofisi. Michezo ya kiwanda ni Jumamosi. Mbio za mita elfu moja na mia tano, mfanyakazi yeyote, mwanamume au mwanamke. Zawadi: likizo ya siku saba na tiketi ya basi, kwenda na kurudi, popote. Nimelisoma mara tatu na ubao begani. Popote! Miaka minne sijafika nyumbani. Nimemwambia karani aniandike wa kwanza. Akauliza, mzee, magoti yamekubali? Nikamwambia akumbuke kazi yake ni kalamu.

Jioni dada yangu kapiga simu. Baba anasahau. Juzi alimwita dada kwa jina la marehemu shangazi. Nikauliza, na mimi je? Akasema jina langu linamponyoka, ila zile mbio zangu anazo zote. Kila anayepita anasimuliwa jinsi kijana wake alivyoongoza, kisha akayeyuka kama sabuni.

Lazima niende. Kabla hata sabuni haijasahaulika.

Jumanne, 4 Agosti

Nimepanga mbao tangu asubuhi, akili iko uwanja wa shule. Fainali ya wilaya. Nilikuwa na miaka kumi na saba na mapaja kama nguzo. Mwalimu alikuwa amenifundisha vizuri kabisa: kaa nyuma, mwache mwingine akukatie upepo, subiri kona ya mwisho, zikibaki mita mia mbili fyatuka mara moja na usitazame nyuma. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia. Wasichana walikuwa wamekaa kwenye nyasi. Nikafyatuka palepale, mita mia nne nzima zimebaki! Nilikuwa kama umeme. Kwenye kona nikamwona baba, kofia mkononi, hapigi makelele, anatikisa kichwa tu. Nilimaliza wa nne. Alinibebea viatu njia nzima bila neno. Tulipofika mlangoni akasema moja tu: ungesubiri.

Nasikia harufu ya zile nyasi mpaka leo. Hapa ni maranda tu, puani na masikioni.

Sasa hesabu yangu. Nina miaka arobaini na moja. Mbio za kasi tangu mwanzo zitanizika. Lakini mita mia mbili za kufyatuka bado ninazo, nimezijaribu nyuma ya banda la kukaushia mbao. Basi mbio ziwe za polepole. Nani atazipunguza? Wapinzani wangu wenyewe! Nitawafundisha hekima ya mwalimu. Wote wakae nyuma, twende kama kondoo, kisha konani nichomoke. Hata mimi nimejistaajabia.

Jumatano, 5 Agosti

Nimeanza na Cheche, mchomeleaji, tunalala chumba kimoja. Nimemvuta kando nikamwambia anayeongoza ni mjinga, anawakatia wenzake upepo. Nikamwapisha asimwambie mtu. Kaapa kwa mama yake. Kwa shukrani kaniachia kitanda cha chini. Mchana nikamnong'oneza dereva wa lori, kaniazima raba zake. Hadi jioni nimewamaliza wanaume wote sita, kila mmoja akiamini ni yeye peke yake.

Wa nane ni mama wa jikoni. Miaka hamsini na mitatu. Karani alikuwa amepungukiwa mtu mmoja, akambembeleza ajaze nafasi. Huyo sikumwambia. Siri haimwagwi ovyo.

Ijumaa, 7 Agosti

Cheche kanivuta kando. Kaka, anasema, nikupe siri, lakini ife nawe. Kaa nyuma! Anayeongoza ni mjinga! Nimelazimika kushangaa na kumshukuru. Kiapo cha mama yake hakikufika siku mbili. Mchana dereva naye kanipa siri ileile, na kanidai raba zake.

Si kitu. Nitakimbia na viatu vya kazi.

Jumamosi, 8 Agosti

Niandike kabla mkono haujapoa.

Karani kagonga chuma. Hakuna aliyetoka! Wanaume saba tumetazamana kama wageni mbele ya sinia moja. Dereva kaanza kutembea. Cheche kainama kufunga kamba iliyokuwa imefungwa. Watu pembeni wakazomea, wakauliza tunamsindikiza marehemu gani.

Mama wa jikoni katoka. Aproni kiunoni, ndala mkononi, miguu peku. Cheche akauliza kwa wasiwasi, tumfuate? Nikamwambia mwache, ataisha. Mzunguko wa kwanza hakuisha. Wa pili hakuisha. Kengele ya mwisho ilipolia kwetu, yeye alikuwa upande wa pili wa uwanja. Dereva akataka kumfukuza, tukamshika fulana. Subiri kona, tukamwambia, sote kwa sauti moja.

Kisha kona. Nilikuwa nimebanwa ndani kama mbuzi zizini, dereva kulia, Cheche mbele. Nikapenya. Nikafyatuka! Sijui niandikeje. Magoti yalinyamaza. Upepo masikioni, nyasi puani, mahali hapana hata jani. Niliwapita wote sita kama miti iliyopandwa. Sikutazama nyuma. Mita mia mbili bora za maisha yangu! Nikainua mikono, nikafumba macho.

Utepe ulikuwa umeshakunjwa. Mama wa jikoni alikuwa jikoni, anakoroga. Akasema sufuria lilikuwa motoni na hakuna aliyelishika, hakuwa na muda wa kutungoja.

Jumapili, 9 Agosti

Nimepiga simu. Dada kampa baba. Akauliza mimi nani. Nikamwambia. Akasema aa, wa mbio. Nikamwambia jana nimekimbia tena. Akauliza upesi, safari hii ulisubiri? Nikasema nilisubiri, baba, mpaka konani. Akacheka. Kicheko chake cha zamani, kile cha kupiga goti. Sijakisikia tangu nilipoondoka. Kisha akauliza, kwa hiyo ulishinda?

Nikasema laini inakatika.

Jumanne, 11 Agosti

Habari kubwa! Mama wa jikoni kasema mbele ya watu wote kwamba kwao ni nyuma ya ukuta wa kiwanda, hatua mia mbili. Tiketi ya nini? Anayeihitaji amfuate jikoni amwambie, atampa na likizo yake. Karani amekubali kubadilisha jina. Basi linaondoka Jumamosi.

Mjinga angekimbilia jikoni sasa hivi. Mimi nimeketi kitandani, nimefikiri. Wa kwanza atamchosha kwa hadithi. Wa pili atamuudhi. Hadi Alhamisi atakuwa amewachoka waombaji wote. Ijumaa alasiri, wakiwa wameishiwa pumzi, mimi naingia na neno moja tu: baba.

Namwona Cheche dirishani. Kaenda jikoni na ovaroli lake, bila mpango wowote, maskini. Haya, sasa anatoka. Amekunja karatasi, anaitia mfuko wa kifuani. Anapiga mluzi, anatabasamu.

Wanaotangulia hutabasamu hivyohivyo. Ngoja tufike konani.