Miguu ya Nyuma ya Nosugora

Jumatatu, 6 Juni 1966

Mvua. Mvua tena. Soksi hazikauki.

Barua imefika kutoka Tono, kaskazini. Mzee Odashima anakuja Tokyo wiki ijayo kumwona "mwigizaji" anayetaka kumwoa binti yake, Kiyono. Mwigizaji ni mimi, Nukaga Sanpei, miaka thelathini na minne, meno yote yapo. Tatizo ni kwamba mwezi wa nne nilimwandikia mzee kuwa mimi ndiye Nosugora. Si uongo! Nosugora ni dubwana la filamu, vazi la miguu minne, na miwili ni yangu.

Ya nyuma.

Filamu tatu sasa. Nosugora amekanyaga Osaka, amekanyaga Nagoya, ameipindua bandari ya Kobe, na mimi sijaona hata paa moja. Nimeona mgongo wa Inokuma Tetsuo tu. Yeye ndiye miguu ya mbele na kichwa. Ana matundu ya kuonea. Jina lake linatokea kwenye skrini, langu limo ndani ya "na wengineo". Kwa nini yeye? Kwa sababu aliingia kampuni hii siku tatu kabla yangu. Yeye tarehe 12 Aprili 1954, mimi tarehe 15. Basi! Kwa siku tatu hizo anaoga kwanza, anakula kwanza, na mimi nambebea mto wa kukalia na kumwita kaka, ilhali nimemzidi umri.

Kiyono anafanya kazi karakana, ndiye anayegundisha ngozi ya Nosugora kipande kwa kipande. Nilipomwonyesha barua alisema nimwandikie baba yake ukweli leo hii, kabla gundi haijamkauka vidoleni. Nilisema sawa. Sitamwandikia. Lazima niwe kichwa kabla mzee hajashuka kwenye treni.

Jumatano, 8 Juni

Hakuna kupiga picha. Jana tuliuvunja mji wetu mdogo wa kuigizia, leo mafundi wanaujenga upya, nyumba mia mbili za mbao na plasta, kila dirisha na pazia lake. Nilikwenda Ueno, bustani ya wanyama, kutafakari mpango wangu.

Sikutafakari. Nilisimama nyuma ya kifaru saa nzima na nusu. Kuna jambo limenisumbua tangu filamu ya kwanza: mnyama mzito akitembea, mguu wa nyuma huanza kunyanyuka kabla wa mbele haujatua, au baada? Mlinzi alikuja kuniuliza kama nimepoteza kitu huko. Nikamwambia niko kazini. Akaondoka, akarudi na mwenzake. Wote wawili wakaangalia nilikokuwa naangalia, wakaniangalia mimi, wakatikisa vichwa.

Lakini nimepata jibu! Si kabla wala baada. Kwanza nyonga ya upande mmoja inazama, kidogo tu, kana kwamba mnyama amekumbuka jambo la huzuni. Ndipo mguu unakuja. Nilijaribu palepale mbele ya kizimba mara ishirini. Furaha niliyoipata siwezi kuieleza.

Halafu nikakumbuka kwamba naichukia miguu ya nyuma. Nikala tambi za soba, nikarudi nyumbani.

Ijumaa, 10 Juni

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama mbele ya Bibi Osanai wa ofisi ya kumbukumbu mpaka mgongo ukalia. Nilimpelekea keki ya maharage matamu. Akauliza nani amekufa. Nikasema hakuna, nataka tu kuona rejista ya mwaka 1954, kwa ajili ya historia. Akasema historia haijawahi kumletea keki, akanifungulia kabati.

Muhuri wangu uligongwa tarehe 11 Aprili! Kumi na moja! Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilisaini, nikarudi nyumbani, nikashikwa na matubwitubwi, nikaripoti kazini tarehe 15 mashavu yakiwa kama maboga. Na kampuni inahesabu muhuri, haihesabu mashavu. Mimi ndiye mkubwa wa Inokuma kwa siku moja! Miaka kumi na miwili nimembebea mto mdogo wangu!

Bibi Osanai alinionya. Alisema wino ukishakauka umekauka, lakini watu wana mazoea yao, na mwenye akili angeifunga rejista na kula keki. Nilimshukuru. Sikumsikiliza.

Jumamosi, 11 Juni

Nilimwonyesha Inokuma nakala. Akasoma. Akasoma tena kwa kidole. Rangi ikamtoka usoni, kisha akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu ya chumba cha kubadilishia nguo, na alipoinuka alikuwa mtu mwingine. Jana ilikuwa "we Nukaga, lete chai". Leo ni kaka Nukaga, samahani kaka Nukaga, kaka Nukaga tangulia kuoga, maji bado ya moto. Aliniletea mto. Aliukung'uta kwanza!

Sikutegemea atakuwa mwepesi hivyo. Nilikuwa nimeandaa hoja sita. Ningependa kujua kama nami ningeinama hivyo. Nadhani ningeanguka kwa ugonjwa wa ghafla.

Mwongozaji alisikiliza, akawasha sigara, akasema utaratibu ni utaratibu, mkubwa anakaa mbele. Kisha akauliza kama nina hakika. Kwa sababu, alisema, yeye kichwa anaweza kumvika mtu yeyote. Sikuelewa alimaanisha nini. Nilisema nina hakika.

Jumatatu, 13 Juni

Kichwa cha Nosugora kina uzito wa kilo kumi na nane. Kwa nini hakuna aliyeniambia? Matundu ya kuonea yako shingoni, kila moja sawa na kitundu cha kifungo. Jasho liliingia machoni kwenye hatua ya nne. Nilitakiwa kukanyaga kituo cha polisi. Nikakanyaga pagoda, ule mnara wa hekalu. Pagoda ilikuwa ya kukanyagwa Alhamisi! Mafundi watatu waliijenga siku kumi na tisa. Mmoja alikaa chini katikati ya barabara, kati ya tramu mbili ndogo, akafunika uso. Nilisema samahani, lakini kupitia mdomo wa dubwana ilisikika kama mngurumo, na msaidizi akapiga kelele kwamba sasa ndiyo nimeanza kuigiza, kumbe kamera imeshazimwa.

Inokuma naye huko nyuma anatembea kama anayetafuta kiatu gizani. Ananikanyaga visigino na kuomba radhi kila mara.

Hata hivyo nimeshapanga. Mzee Odashima anafika kesho studio. Nimemwagiza Inokuma, kwa cheo changu cha mkubwa, kwamba asithubutu kumwambia mzee, wala mtu yeyote, kuwa yeye aliwahi kukaa mbele. Akiulizwa chochote, ajibu tu kwamba ni kama muulizaji anavyoona. Akaapa. Mkubwa akisema, Inokuma hufanya. Raha iliyoje!

Jumanne, 14 Juni

Niandike nini? Mkono hautaki.

Mzee alifika asubuhi, mfupi, mpana, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, birika la chuma chini ya kwapa kama zawadi. Amefanya biashara ya farasi miaka arobaini na anatembea kama wao. Mimi nilikuwa tayari ndani ya Nosugora, nimefungwa kamba mgongoni. Kulifungua vazi upande wa mbele kunahitaji watu wanne, na wote walikuwa wamekwenda kunywa chai. Nilisikia kila neno kupitia shingo.

Mzee alisema filamu ya pili aliitazama mara nne. Mara nne! Alisafiri kwa basi muda wa saa mbili kwa ajili hiyo. Si kwa sababu ya moto wala ndege za vita. Alisema farasi hutazamwa nyuma, kichwa ni pambo tu, na kwamba maisha yake yote hajaona miguu ya nyuma yenye akili kama ile. Nyonga ile! Mzigo ule! Alisema aliporudi nyumbani hakulala, alikuwa anajiuliza ni mtu gani aliyemo mle. Na binti yake alipoandika kwamba mchumba wake yumo ndani ya Nosugora, aliomba moyoni awe ndiye huyo wa nyuma, maana mtu anayefanya kazi vile mahali asipoonekana, huyo anafaa kuingia nyumbani kwake. Lakini barua ya mchumba ikasema yeye ndiye Nosugora, akajua basi ni yule wa kichwa, mtu wa kujionyesha.

Kisha akauliza: nani ndiye miguu ya nyuma?

Inokuma alikuwa ameshatoa nusu ya mwili, amevaa ile miguu. Akageukia kichwa changu kuomba ruhusa. Nilipiga kelele, "Sema! Sema basi!" Ikatoka ngurumo. Maskini akadhani namkumbusha kiapo. Akasema, "Ni kama unavyoona, mzee."

Mzee akamwinamia. Akampa birika! Halafu akamuuliza kama ana mchumba, na amezaliwa mwaka gani. Mwaka wa Panya, alijibu Inokuma, na hana. Mzee akasema panya ni mnyama mwenye bidii.

Mdomo huponza kichwa, na leo kichwa chenyewe kilikuwa cha mpira.

Jumatano, 15 Juni

Kiyono alinikuta kantini na donge langu la wali lisiloguswa. Hakukaa. Alisema baba yake amezungumza habari za Inokuma tangu supu ya asubuhi, na ameuliza kama Inokuma anapenda uyoga wa mlimani. Alisema, "Wewe mwanaume, una sentensi moja tu ya kusema. Moja! Mimi nilikupenda ukiwa nyuma. Nilikuwa naijua ngozi yote ya yule dubwana, na sehemu moja tu ilikuwa hai." Akasema treni ni kesho saa sita mchana, na yeye hataolewa na mtu ambaye baba yake hamjui ni nani. Macho yake yalikuwa yamejaa. Nami nilitaka kulia, kusema kweli. Nilisikia aibu mpaka masikioni.

Nikaamua kusema ukweli. Kisha, njiani, nikapata wazo bora zaidi.

Nikienda kwa Bibi Osanai na ikaonekana rejista ina kosa, Inokuma atakuwa tena mkubwa wangu, amri yangu itakufa yenyewe, naye atamwambia mzee kila kitu bila mimi kufungua mdomo! Nilikwenda mbio. Sikuwa na keki. Bibi Osanai alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaniuliza kama yale matubwitubwi yalipanda kichwani. Akafunga dirisha.

Alhamisi, 16 Juni

Kituo cha Ueno, jukwaa la treni za kaskazini. Nilifika nikihema. Mzee alikuwa pale, Kiyono kando yake haniangalii, na Inokuma, mwenye adabu zake, amebeba mizigo. Nilifungua mdomo. Nikasema mvua imepungua. Mzee akakubali kwamba imepungua.

Ndipo Kiyono akasema, "Baba, mwambie huyu atembee."

Mzee hakuuliza kwa nini. Mchuuzi wa farasi haulizi. Akaninyoshea kidole: kutoka duka la magazeti hadi nguzo ile. Nilijua anachotaka. Nikainama, nikaweka mikono magotini, mbele ya abiria, mbele ya askari wa kituo, mbele ya kundi la watawa wenye miavuli. Nikatembea. Nyonga ikazama kwanza, kidogo tu, ndipo mguu. Nyayo za mzee zilinifuata polepole nyuma yangu. Sikufikiri lolote. Kwa hatua ishirini sikuwa na mpango wowote kichwani, na ilikuwa raha.

Kwenye nguzo alinipiga kofi la nguvu kwenye tako. "Ndiye huyu," alisema. "Ndiye huyu kabisa."

Inokuma aliniomba ruhusa. Nikampa. Akamwaga yote kwa pumzi moja, kichwa, muhuri, pagoda, kiapo, na kumalizia kwa kumrudishia birika. Mzee akalichukua, akaniwekea mikononi. Alisema harusi ni Oktoba, nirudi nyuma ninakostahili, naye atakuja studio kuniona kabla ya harusi. Kisha akaniangalia bila kupepesa. Alisema amesamehe mara moja. Mtu anayedanganya kuhusu mnyama, yeye hamuuzii hata punda, sembuse kumpa binti. Nikaapa. Kiyono alinishika mkono wa koti hadharani! Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Kengele ya treni ikalia. Mzee akapanda, akachungulia dirishani. Akauliza, hivi hivi tu, na ule mkia? Unapigwa vizuri ajabu. Kuna mtu gani nyuma ya mkia ule?

Ni Bwana Hozumi, ana miaka sitini na mmoja, hukaa juu ya boriti za paa la studio na kuuvuta mkia kwa nyaya kumi na moja. Jina nilikuwa nalo ulimini. Nakumbuka nikilisikia likija.

"Mkia pia ni mimi," nikasema.

Inokuma alidondosha kofia. Kiyono aliachia koti langu. Mzee aliangua kicheko cha furaha, akapiga ukingo wa dirisha kwa kiganja na kusema basi Oktoba atanitazama nikiupiga, na treni ikamchukua.

Ijumaa, 17 Juni

Kiyono hajasema neno tangu jana. Atasema. Oktoba iko mbali.

Leo nilipokuwa nyuma, mahali pangu, nilitazama juu kupitia mshono wa mgongo, nikaziona zile nyaya kwa mara ya kwanza. Ule wa saba unafanya nini? Mbona Hozumi anauvuta kwa kidole kidogo tu? Kesho mchana yeye akienda kula, nitapanda boritini niujaribu huo mmoja.