Kampuni Inayomtaka Baba

Jumatatu, 3 Machi
Nimesikia yote kupitia ukuta. (Si adabu, najua. Lakini ukuta wenyewe ni ubao, alaumiwe fundi.) Mama kamwambia baba mshahara wake haujasogea tangu mimi niko darasa la tatu. Sasa niko kidato cha tatu! Kila kitu kimepanda, mshahara peke yake ndio unaogopa ngazi. Eti muhula ujao nihamishwe shule. Baba kasema tutaona. Mchoraji ramani mzima! Anawachorea watu nyumba za mabafu matano, sisi tunagongeana mlango wa bafu moja.
Kuhamishwa! Mimi niliyehitaji miaka miwili kupata rafiki mmoja!

Jumanne, 4 Machi
Dawa nimeipata. Bosi akidhani kampuni nyingine inamtaka baba, atamwongezea mshahara mbio. Kwa hiyo lazima mtu apige simu kuulizia sifa zake. Mtu huyo ni mimi. Ndiyo, mimi ambaye nikiambiwa nisome darasani sauti inakimbilia tumboni. Ila nimegundua kitu: aibu yangu inajua Kiswahili tu. Kwa Kiingereza nakuwa katibu muhtasi mwenye kucha ndefu.
Nimefanya mazoezi bafuni. Mdogo wangu, tunayemwita Kasuku maana halimkai neno, kagonga akauliza naongea na nani. Nikasema nakariri shairi. Hajaamini.

Jumatano, 5 Machi
Nimepiga! Kwa simu ya zamani ya shangazi. Bosi kamsifu baba hadi nikataka kulia: mwaminifu, hachelewi, anafanya kazi ya watu wawili. Nikasubiri atetemeke. Akasema, "Mchukueni!" Halafu akauliza anaanza lini kwetu.
Nikasema Jumatatu. Sijui kwa nini. Mdomo huu!

Alhamisi, 6 Machi
Baba karudi uso kama karatasi. Ofisi nzima inampongeza. Bosi kasema hawezi kumzibia mtu riziki, na kiti cha baba tayari kapewa kijana aliyemaliza chuo juzi, anayekubali nusu ya mshahara. Baba kaapa hajaomba kazi popote. Bosi kacheka: "Acha siri zako, mzee! Katibu wao kanipigia mwenyewe." Mama naye kanuna, eti mume anamficha mkewe habari njema. Baba hakula.
Kasuku kaninong'oneza: "Dada, lile shairi lako lilikuwa na jina la baba ndani." Bei ya kimya chake ni kitanda cha juu. Nimehama na mto wangu.

Ijumaa, 7 Machi
Kijana yule akikalia kile kiti, si shule tu, hata nyumba hatuna. Nimepiga tena, nyuma ya maabara. Katibu yuleyule, kucha zilezile. Samahani, mheshimiwa, hatumhitaji tena. Bosi akauliza sababu. Si ningesema nafasi imefutwa? Nikasema tumepata mwingine wa bei nafuu. Akasema anatuelewa kabisa.
Jioni baba karudi na kazi yake. Ila bosi kasema kwa kuwa hata huko nje hawamtaki, mshahara utapungua kidogo, na kijana atakaa pembeni yake afundishwe. Baba kamsimulia mama kwamba alisema asante. Alisema mara mbili.
Shule nahamishwa. Si muhula ujao. Mwezi ujao.

Jumapili, 9 Machi
Nimelia jana kutwa. Leo nimefikiri kwa akili. Kosa langu lilikuwa moja tu: kampuni moja ni chache mno! Bosi lazima aone watu wanagombania. Kesho zitapiga tatu. Kasuku kakubali kuwa mkurugenzi wa mojawapo. Sauti nzito anaiweza akibana pua. Kauliza atalipwa kiasi gani. Nimemwambia aoneshe kazi kwanza, mambo ya mshahara tutaongea baadaye.